Kunyauka Si Kiu

Shangazi alinikabidhi chungu kile pale stendi ya Muheza, basi la kwenda Dar es Salaam likiwa limeshaanza kunguruma. Kilikuwa chungu kidogo cha udongo wa kuchoma, kinachoenea kwenye viganja viwili, na ndani yake mlikuwa na mmea mfupi wenye majani manene yenye manyoya laini kama mahameli, na maua matano ya zambarau, kila moja na kitone cha manjano katikati. Akaniambia, "Mwanangu, ua hili halitaki kushikwashikwa." Nikamwitikia kwa haraka kama mtu anayeaga, nikapanda, nikakipakata chungu mapajani. Safari nzima nililikinga ua lisitikisike. Miezi minne baadaye nililiua kwa mikono yangu mwenyewe, na nililiua mara mbili: mara ya kwanza kwa maji, mara ya pili kwa kutaka kuliokoa.

Naandika kisa hiki kwa sababu ya hiyo mara ya pili. Watu wengi wanajua kwamba maji mengi huua mmea. Wasichokijua wengi ni kwamba mmea uliolemewa na maji mara nyingi bado una nafasi ya kupona, na kwamba anayeiondoa nafasi hiyo ni mwenye mmea mwenyewe, siku anapoamua kuuhamisha chungu kwa pupa.

Ua lenyewe si mgeni kwetu. Asili yake ni milima ya Usambara na misitu ya Tanga, ingawa dunia inalijua zaidi kama ua la madirishani Ulaya na Marekani. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa wilaya ya Tanga wakati wa ukoloni, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland, wa bustani za Herrenhausen huko Hannover, akalipa jina la kisayansi Saintpaulia ionantha kwa heshima ya familia hiyo. Mpaka leo Wajerumani huliita kwa jina la Usambara. Sisi nyumbani tuliliita tu ua la jiweni, kwa sababu huko msituni ndiko linakoshika: kwenye nyufa za mawe yenye kivuli, juu ya tabaka jembamba la majani yaliyooza, mara nyingi karibu na vijito. Mvua ikinyesha, maji huteremka mwambani, yanailowesha mizizi, yanakwenda zake. Mizizi hiyo ni myembamba na mifupi. Imezoea maji yanayopita, haikuumbiwa maji yanayolala.

Mimi nililipa maji yanayolala. Nilipofika nyumbani niliona chungu cha udongo hakipendezi pale dirishani jikoni, nikakitumbukiza ndani ya bakuli la kauri lisilo na tundu. Kila asubuhi nilimimina kikombe kimoja cha maji. Binti anayenisaidia kazi za nyumbani, naye kwa moyo uleule wa kulitunza, alikuwa akimimina kingine jioni, na hakuna kati yetu aliyemwuliza mwenzake. Masika ikaingia, hewa ya Dar es Salaam ikawa nzito kwa unyevu, jua likawa haba. Maji ya asubuhi hayakuwa yamekauka ya jioni yalipoingia, na yaliyopenya chini ya chungu yalibaki ndani ya bakuli, chungu kikiwa kimesimama ndani yake kama mtu aliyesimama kisimani.

Wiki ya sita majani ya chini yakalegea. Nilipoyaona yamelala juu ya ukingo wa chungu, wazo lililonijia ni moja: kiu. Nikaongeza maji. Kesho yake yalikuwa yamelegea zaidi, nikaongeza tena. Kisha yakaanza kugeuka manjano, nami nikasema sasa ni njaa, nikanyunyizia mbolea ya chumvichumvi ya kukuzia, kijiko kizima. Sikuwahi hata siku moja kuchomeka kidole kwenye udongo. Sikuwahi kukiinua chungu kuona kina uzito gani. Nilikuwa natazama majani tu.

Hapa yafaa nieleze ninachokijua sasa, ambacho kama ningekijua wakati ule ua lingekuwa hai. Mizizi haifanyi kazi ya kunywa tu, inapumua pia. Katika udongo mzuri, kati ya chembe na chembe kuna vinafasi, na vinafasi hivyo vina hewa. Mizizi huchukua oksijeni humo ili ipate nguvu ya kuvuta maji na kuyapandisha juu. Maji yakijaza kila kinafasi, hewa hufukuzwa, na oksijeni husafiri ndani ya maji polepole mno, kiasi cha mara elfu kumi chini ya mwendo wake hewani. Mizizi ikikosa pumzi inakosa nguvu, na ikikosa nguvu haivuti maji hata kama imezamishwa ndani yake. Hapo mmea hunyauka. Hunyauka ukiwa katikati ya maji, kwa sura ileile unayonyauka nayo ukiwa na kiu. Halafu ncha za mizizi hufa, na vimelea vya kuozesha, jamii ya Pythium na Phytophthora, ambavyo hupenda sana udongo uliojaa maji, hupata mlango. Manjano ya majani nayo si lazima yawe njaa: mizizi iliyozibwa pumzi haiwezi kula hata ukiijazia sahani. Mbolea inayobaki kwenye udongo huo huwa chumvi inayounguza mizizi michache iliyosalia.

Jumapili moja nilisikia harufu. Ilitoka kwenye bakuli la kauri, harufu ya yai viza. Ndipo nilipotambua kwamba maji ndiyo adui, na hofu ikanishika. Laiti ningekaa chini nikafikiri. Sikukaa. Nilimpigia mfanyakazi mwenzangu akaniambia hamisha chungu, nikamwuliza muuza miche akaniambia tia mbolea ya samadi, nikakumbuka niliwahi kusikia kwamba kokoto chini ya chungu hupitisha maji. Nikayachukua yote hayo pamoja, nikayafanya yote siku hiyohiyo, saa sita mchana.

Nilishika mmea shingoni, pale majani yanapokutana, nikavuta. Ulitoka kwa sauti ndogo ya nyuzi zinazokatika. Nusu ya mizizi ilibaki chunguni. Iliyobaki mkononi niliipeleka bombani, nikafungua maji kwa nguvu, nikaisugua kwa vidole mpaka isibaki chembe ya udongo, kwa kuwa nilidhani udongo ule wote ni uchafu wa ugonjwa. Kila mzizi uliokuwa na rangi ya kahawia niliukata kwa kisu kilekile cha kumenyea vitunguu. Nikachukua chungu cha plastiki kikubwa mara nne ya kile cha kwanza, ili mizizi ipate nafasi. Nikatandika kokoto chini, nikajaza udongo nusu na samadi nusu, nikauzika mmea mpaka vikonyo vya majani, nikashindilia kwa ngumi usiyumbe. Nikamimina jagi zima la maji ili udongo ukae. Mwisho nikauweka barazani juani upate nguvu.

Siku ya nane ulikuwa umelala wote, kitovu chake kimekuwa cheusi na laini. Sikuutupa. Niliuacha pale pale barazani, kwa kuwa sikuwa tayari kukiri.

Mwezi wa sita shangazi alikuja mjini kwa ajili ya harusi. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya chai, akauliza, "Ua langu liko wapi?" Nikampeleka barazani. Hakusema kitu. Aliomba gunia, akalitandaza sakafuni, akakipindua chungu taratibu juu ya kiganja chake, akakigonga ukingoni mara tatu, udongo wote ukatoka kwa umbo la chungu. Akakaa kitako, akaanza kuuchambua kwa kijiti kama mtu anayechambua mchele.

"Tazama," akasema. "Huku juu pakavu kidogo. Katikati majimaji. Huku chini, juu ya kokoto zako, ni tope."

Nikamwambia, "Lakini shangazi, kokoto si ndizo za kupitisha maji?"

"Maji hayaruki, mwanangu. Yakifika kwenye kokoto yanasimama kwanza. Yanasubiri udongo wa juu yake ushibe kabisa ndipo yaanze kudondoka. Kwa hiyo umeyainua maji, umeyasogeza karibu na mizizi."

Alikuwa sahihi, na wataalamu wa udongo husema hivyohivyo. Maji hushikwa na chembe ndogo za udongo kwa nguvu kuliko yanavyovutwa na mawe makubwa yaliyo chini yake, na ndiyo sababu daima kuna tabaka la udongo uliolowa chini ya kila chungu. Kokoto haziliondoi tabaka hilo, hulipandisha tu. Kinachosaidia ni tundu la kutosha chini, na udongo mwepesi toka chini mpaka juu.

Alinionyesha kosa moja baada ya jingine bila kuninyanyulia sauti. Chungu kikubwa: mmea wenye mizizi michache hunywa kidogo, na udongo mwingi hubeba maji mengi, kwa hiyo nilikuwa nimeuhamisha kutoka kisimani nikauweka bwawani. Kusugua: mizizi hainywi kwa sehemu yake nene tunayoiona, hunywa hasa kwa vinyweleo vilivyo karibu na ncha, vyembamba kiasi kwamba kila kimoja ni seli moja tu, na vidole vyangu viliviondoa vyote. Kukata kila cha kahawia: si kila mzizi wa kahawia umeoza, mingine imezeeka tu au imepakwa rangi na udongo. Kuzika shingo: pale majani yanapotokea panataka hewa, pakifukiwa panaoza. Kushindilia: ngumi ilifunga vinafasi vya hewa ambavyo ndivyo mmea ulikuwa unavililia. Samadi: chakula kizito kwa mgonjwa asiyeweza kumeza. Jua la mchana: jani linapoteza maji kwa kasi wakati mizizi haiwezi kuleta hata tone.

Kisha akaniuliza swali ambalo mpaka leo linaniuma. "Siku unauhamisha, kulikuwa na jani zima hata moja?"

Nikamwambia yalikuwapo matatu, magumu na ya kijani kabisa.

"Basi ungekata moja na kikonyo chake, ukalichomeka kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, ukaliweka kivulini. Baada ya mwezi lingetoa mizizi. Baada ya miezi miwili mitatu, watoto wangechungulia. Hata mama angekufa, ukoo usingekatika." Akakunja gunia. "Ulitazama majani, hukutazama udongo. Na ulipotazama udongo, ukayasahau majani."

Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini funzo lisipofanyiwa kazi nalo humwagika, na nafasi ya kulifanyia kazi langu ilikuja masika iliyofuata.

Jirani yangu ni mwalimu mstaafu, na mtaa mzima tunamwita Mwalimu. Alikuwa na mlimao wa kubebesha alionunua kitaluni kando ya barabara, akaupanda kwenye ndoo ya rangi ya lita 20. Ndoo alikuwa ameitoboa matundu mawili, lakini ilikaa bapa juu ya sakafu ya saruji, na matundu yakazibwa na udongo uliogandamana. Mvua za mwezi wa nne zilipozidi, majani yakajikunja, yakawa manjano, yakaanza kudondoka. Asubuhi moja nilimkuta ameshika kopo la maji.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba binti yangu. Njoo unione na mgonjwa wangu, ana kiu siku hizi hata mvua haimtoshi."

Nikamwomba kwa heshima aweke kopo chini kwanza. Nikachukua kijiti kikavu cha mshikaki, nikakichomeka kwenye udongo mpaka karibu na sakafu ya ndoo, nikahesabu taratibu mpaka mia, nikakichomoa. Kilikuwa kimelowa toka ncha mpaka juu, na ncha yake ilinuka. Mwalimu akakinusa, akanyamaza.

Tulichofanya baada ya hapo nakieleza kwa urefu, kwa sababu ndicho anachokihitaji msomaji mwenye chungu kinachozama.

Jambo la kwanza, hatukufanya kitu siku ile zaidi ya kumwaga maji. Tuliiinamisha ndoo, tukazibua matundu kwa msumari, maji meusi yakatoka. Tukaipandisha juu ya matofali mawili ili hewa ipite chini, tukaisogeza chini ya paa mvua isiifikie. Wahenga walisema kawia ufike. Mimea mingi iliyolemewa na maji haihitaji zaidi ya hayo: udongo ukikauka kidogo, mizizi ikapumua, majani huinuka yenyewe, na kuihamisha ingekuwa kuijeruhi bure. Tukasubiri siku nne. Harufu haikuisha na majani yakazidi kudondoka. Ndipo tukakubaliana kuutoa.

Tulichagua jioni, jua likiwa limepoa, na tuliandaa kila kitu kabla ya kuugusa mmea, maana mizizi iliyo wazi haingoji mtu aende dukani. Udongo mpya tuliuchanganya hivi: sehemu mbili za udongo wa juu wa bustani, sehemu moja ya mboji iliyoiva isiyonuka, sehemu moja ya mchanga wa mto wenye chembe nene pamoja na pumba za mpunga zilizochomwa. Si mchanga wa pwani, kwa kuwa una chumvi. Tuliujaribu kwa mkono: tuliulowesha kidogo, tukaufumbata, tukafumbua kiganja. Ulishikamana, na ulipoguswa kwa kidole ukabomoka. Udongo unaobaki kama matonge ya ugali haufai kwa kazi hii. Mkasi wa kukatia matawi tuliufuta kwa spiriti ya duka la dawa, na tuliufuta tena kila baada ya mikato michache, ili kuoza kusisafiri kutoka mzizi mmoja hadi mwingine.

Kuutoa hatukuvuta. Tulipitisha kisu kirefu kati ya udongo na ukuta wa ndoo, mzunguko mmoja. Tukailaza ndoo ubavu, Mwalimu akaminya kuta zake huku na huku, mimi nikatandaza kiganja juu ya udongo, shina likipita kati ya vidole vyangu. Tukaigonga chini. Donge likatoka zima. Uzito wote ulibebwa na kiganja na donge, shina halikuvutwa hata kidogo. Kwenye chungu cha udongo kilichong'ang'ania ni afadhali kukivunja chungu kuliko kuvunja mizizi. Chungu kinauzwa.

Tuliliweka donge juu ya magazeti makavu yaliyokunjwa, na kila yalipolowa tukayabadilisha, mara tatu. Magazeti yalifyonza maji bila sisi kukamua. Baada ya hapo udongo ukaanza kubomoka wenyewe. Tuliusaidia kwa kijiti kutoka nje kwenda ndani, na ule uliokuwa umeshikana na mizizi mizima hatukuulazimisha. Palipokuwa na tope la kunata tulimwagia maji ya vuguvugu kwa kikombe, polepole, bila kusugua.

Halafu tukaichunguza mizizi, na hapa ndipo penye hukumu. Rangi peke yake haitoshi, kwa hiyo tuliushika kila mzizi kati ya vidole viwili. Mzizi mzima ni mgumu, haubonyei, na ukiukwaruza kidogo ndani ni mweupe. Mzizi uliooza ni laini, unateleza, na ganda lake la nje huvuka kama soksi, likaacha uzi mwembamba katikati. Uliovuka ganda tuliukata mpaka tulipofika kwenye sehemu nyeupe. Ulio mgumu tuliuacha, hata kama ulikuwa wa kahawia. Uliotutia shaka tuliuacha pia. Tulipomaliza, karibu nusu ya mizizi ilikuwa imeondoka.

Mizizi nusu haiwezi kulisha majani yote. Tukapunguza juu ili palingane na chini: tukaondoa vitawi dhaifu, maua yote, na vilimao vitatu vidogo ambavyo Mwalimu alikuwa akivihesabu kila asubuhi. Alivikata mwenyewe. Aliniambia, "Mzazi mgonjwa hanyonyeshi," akavitia mfukoni.

Ndoo mpya haikuwa kubwa kuliko ya zamani. Ilikuwa ndogo zaidi, ya lita 10, kwa sababu kilichobaki cha mizizi kilienea humo na kuacha vidole viwili tu kila upande. Tulitoboa matundu manane chini, na mengine manne ubavuni karibu na sakafu. Hatukutia kokoto. Juu ya kila tundu tuliweka kipande cha chandarua chakavu ili udongo usitoke na maji yasizuiliwe. Tukaweka udongo kidogo, tukausimamisha mti, tukaitawanya mizizi kama ilivyopenda kuelekea, tukamimina udongo kuizunguka. Badala ya kushindilia, tuliigonga ndoo chini mara chache, udongo ukateremka wenyewe kati ya mizizi. Kimo cha shina tulikiacha palepale kilipokuwa zamani, na kovu la kubebeshea likabaki juu kabisa, mbali na udongo, maana likifukiwa ugonjwa hupandia hapo.

Maji tulimwagilia mara moja, taratibu, mpaka yalipochungulia kwenye matundu, tukaacha. Tukaiweka ndoo juu ya matofali, kivulini penye mwanga. Hatukutia mbolea, na tuliweka ahadi ya kutotia mpaka majani mapya yatoke.

Kazi iliyofuata ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote: kutofanya kitu. Wiki ya kwanza majani yakaendelea kudondoka. Wiki ya pili mti ukabaki na majani machache, na Mwalimu akaja mlangoni kwangu mara mbili kuuliza kama si vizuri kuongeza maji, au kuurudisha juani, au kuutoa tena kuangalia mizizi. Nilielewa mkono wake ulivyomwasha, kwa kuwa ndio mkono ulioniulia ua langu. Kila mara tulichomeka kijiti kwanza. Kikitoka na unyevu, tuliacha. Kikitoka kikavu kwa urefu wa vidole viwili kutoka juu, tulimwagilia, kisha hatukurudia mpaka kijiti kiseme tena. Wiki ya sita, kwenye tawi lililoonekana limekufa, pakachomoza kijicho cha kijani kisichozidi punje ya mtama. Mwaka ule haukuzaa. Mwaka huu una maua.

Shangazi naye alinitumia ua jingine la jiweni. Alilizalisha kwa jani la chungu chake, hakulichuma msituni, kwa maana misitu ile inapungua na baadhi ya maua ya jamii hii yamo hatarini kutoweka kwenye miamba yake. Liko dirishani, ndani ya chungu kilekile cha udongo, bila bakuli. Binti wa nyumbani nami tumegawana kazi: yeye ndiye mwenye kumwagilia, mimi simwagilii kamwe. Kabla ya kumwagilia anakiinua chungu. Kikiwa kizito anakirudisha.

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako kuna mmea unaonyauka leo, nakuomba usikimbilie kopo la maji, wala usikimbilie chungu kipya. Chomeka kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Udongo ukiwa mkavu, mmea una kiu, upe maji. Ukiwa umelowa, mmea unakosa pumzi, na kila kikombe utakachoongeza kinaubana zaidi. Mwaga maji yaliyolala, upe hewa, subiri siku chache. Ukilazimika kuuhamisha, shika udongo usishike shina, kata kilichooza uache kilicho kizima, tafuta chungu kinachoienea mizizi wala si kinachokupendeza wewe, kisha uuache mmea ufanye kazi yake. Kabla ya yote hayo, kata jani moja zima au kitawi kimoja ukipande pembeni, kama mmea wenyewe ni wa kukubali kuota hivyo.

Mizizi hatuioni, ndiyo maana tunaidhulumu. Majani yataendelea kutuambia kwamba kuna shida, lakini shida ni ipi tutaambiwa na udongo.